Kisu cha Mzee Makali

Vihingo, Kisarawe
11 Mei 1937

Kwa ndugu yangu mpenzi Hilario Pazi,

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya kunijulisha kwamba umehamia Mlandizi niliipokea kabla ya masika, na sasa masika yanakwisha nami sijaijibu. Sina udhuru wa maana. Niliugua homa, kisha nikapona, kisha nikaona haya kwa kuchelewa, na haya hiyo ikanichelewesha zaidi. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi aliyenipa sababu ya namna hiyo nilimsimamisha ukutani.

Nimepata kisu kipya. Ni cha kukunja, kazi ya Wajerumani, mpini wake wa pembe, na kamani yake bado ni ngumu hata ukikifunga husikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Jina la aliyekitengeneza limefutika; zimebaki herufi mbili, nazo zinanisumbua kila ninapozitazama. Ninakibeba tangu Ijumaa. Unalikumbuka sharti tulilowekeana tangu ujana wetu: kisu hakiingii sandukuni mpaka kwanza kikae mfukoni mwezi mzima na kukata kila kinacholetwa na siku. Visu vyangu vingine nimevipaka mafuta ya nazi, nimevifunga katika kitambaa, navyo vinangoja zamu.

Sasa nakuuliza: wewe unabeba kipi huko? Umenieleza shamba la mkonge, mizani unayoisimamia, chumba ulichopanga kijijini, hata mbu. Kisu hukukitaja. Si kawaida yako, nami nimeshangaa.

Mpwa wangu Mwamvita anakaa hapo hapo Mlandizi, ng'ambo ya barabara. Hajapata kukuona kwa macho. Tafadhali nenda ukamjulie hali, umwambie kwamba wewe ndiye yule Hilario wa visu ambaye mjomba wake hachoki kumtaja.

Ndimi nduguyo,
Mwalimu Husseini Shomari


Mlandizi
29 Mei 1937

Mwalimu wangu,

Umesamehewa, lakini kaa ukutani kwanza.

Nabeba kile cha mhunzi wa Kiluguru: mpini wa mpingo, msumari mmoja, hakina kamani. Ulikicheka siku nilipokinunua, ukasema ni kisu cha mtu asiye na haraka. Nimekinoa hata sasa kinanyoa malaika ya mkono bila kuuma.

Hapa naishi vizuri. Makarani wenzangu wote wanakaa kambini shambani. Mimi peke yangu nimepanga kijijini, kwa sababu tangu Kristina afariki siwezi kulala mahali pasiposikika watoto wa watu wakilia na mama zao wakiwagombeza. Suruali nimezipumzisha. Nikitoka kazini navaa kanzu na kofia kama wazee wote wa hapa, maana jua la Mlandizi halina adabu. Jumapili ya mwisho wa mwezi napanda lori kwenda kwa binti yangu Ursula, huko nakwenda kanisani, kisha narudi. Kijijini hakuna anayeniuliza ninakokwenda. Wananiita Mzee, na mimi naitika.

Nina maswali, na tafadhali usiniulize sababu. Wewe ni mtu wa dini na pia ni mtu wa visu, kwa hiyo sioni mwingine wa kumwuliza. Mtu akitaka kuchinja kuku kwa namna iliyo sahihi kabisa kwa Waislamu, kisu kiwe na makali kiasi gani? Kuku aelekezwe wapi? Husemwa nini, na wakati gani? Ni udadisi tu.

Kwa Mwamvita sijafika. Miguu.

Wako,
Hilario


Vihingo
12 Juni 1937

Ndugu yangu Hilario,

Umeandika "Miguu" ukaweka nukta. Neno moja si sentensi, na kwa habari ya Mwamvita si sababu pia.

Maswali yako niliyasoma, nikaiweka barua chini, nikatoka nje, nikarudi nikayasoma tena. Tumejuana tangu tulipokuwa tukiandika kwa chokaa juu ya kibao, na kwa muda wote huo hukupata kuniuliza neno moja juu ya dini yangu, wala mimi yako. Nakujibu kwa utaratibu.

Kisu kiwe kikali kiasi cha kumaliza pumzi ya mnyama bila kumtesa. Kisinolewe mbele ya macho yake. Alazwe kwa upole na kuelekezwa kibla. Mchinjaji alitaje jina la Mungu anapoanza kukata, si baada ya hapo. Akate koo na umio pamoja na mishipa ya pembeni, bila kuinua mkono na kurudia kama mtu anayekata kamba. Kichwa asikitenge mpaka mnyama atulie. Kisu chenye bapa jembamba ni bora kuliko kinene, na kwa hilo nakiri kwamba kile cha mhunzi wako kinafaa kuliko hiki changu cha Kijerumani.

Sababu sikuulizi, kwa kuwa umenikataza. Ila fahamu kwamba mlango uko wazi, na kwamba mimi nimesimama karibu nao kwa furaha ambayo sikuitazamia katika umri huu.

Nimempa dereva wa lori kinoo kizuri akuletee.

Nduguyo,
Husseini Shomari


Mlandizi
4 Julai 1937

Mwalimu,

Kinoo kimefika. Ahsante. Majibu yako nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi.

Sasa mbuzi. Je, taratibu ni zile zile? Na ng'ombe? Ng'ombe mtu mmoja hamwezi. Anayemshika na anayekata wote huelekea kibla, au ni yule anayekata tu?

Tena nina swali jingine, na hili ndilo linaloninyima raha. Tuseme yupo mtu aliyetimiza kila sharti ulilolitaja. Kisu ni kikali, jina la Mungu amelitaja kwa moyo safi, mnyama hakuteseka. Lakini mwenyewe si Mwislamu. Nyama hiyo inakuwa nini?

Watu wa hapa ni wema mno. Nikipita njiani hunisimamisha. Jana mama mmoja, Tatu, alinikimbilia hata kanga imemdondoka begani: "Mzee, Mzee, usinipite! Wageni wamekaa barazani tangu asubuhi wanakunywa maji matupu!" Nilimsaidia. Watoto wake walinisindikiza mpaka kwangu.

Mwamvita nitamwona. Usinisukume.

Hilario


Vihingo
19 Julai 1937

Ndugu yangu mpenzi,

Nimelielewa swali lako, nami nimeona linakotoka. Unaogopa kwamba mkono wako utashika kisu kabla ulimi wako haujatamka shahada. Usiogope. Ukishatamka, swali hilo litakuwa halina mahali pa kukaa. Nimezungumza na Sheikh wetu hapa. Sikumtajia jina, nilimwambia tu kwamba yupo mtu mzima, mwenye heshima na elimu, anayejongea polepole. Amefurahi. Nimemtafuta fundi akushonee kanzu mpya ya siku hiyo. Hata jina nimelifikiria, ingawa uamuzi ni wako: Hilali halitaisumbua sana kalamu yako.

Sasa habari itakayokufurahisha wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Mwamvita ameniandikia kwamba anamwoza bintiye Biasha mwezi ujao, Jumamosi ya tatu. Ng'ombe wa arusi atachinjwa na mzee mmoja wa hapo Mlandizi ambaye watu wote wanamwita Mzee Makali. Mwamvita anasema mzee huyo hutembea na kisu kila siku ya Mungu, kisu cha kukunja, na kwamba tangu amefika hapo hakuna nyumba inayopata tena nyama iliyochanwachanwa. Juzijuzi alinitumia kwa dereva kuku wa kukaanga aliyechinjwa na mzee huyo huyo. Nilimla, nikamsifu mchinjaji.

Hebu fikiri, Hilario! Tulidhani tuko wawili tu katika wilaya hizi, kumbe yuko wa tatu, na wewe unakaa naye kijiji kimoja. Umepata kumwona? Mtafute. Nataka kujua kisu chake ni cha namna gani, kina kamani au hakina, na mpini wake ni wa nini. Nitakuja arusini, nami nitamtazama mwenyewe akifanya kazi, lakini subira yangu haifiki hapo.

Nduguyo katika yote,
Husseini Shomari


Mlandizi
26 Julai 1937

Mwalimu,

Kisu chake hakina kamani. Kina msumari mmoja, na mpini wake ni wa mpingo. Mzee Makali ni mimi.

Soma mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa. Nilikuwa nimetoka mizani, nimevaa kanzu na kofia, nimesimama njiani namenya chungwa. Bi Mwanamkuu, mjane wa nyumba ya pili kutoka kwangu, akatoka na jogoo kwapani.

"Baba, hicho kisu kinakata au ni pambo?"

"Kinakata, mama."

"Basi Mungu amekuleta. Wanaume wote wako mashambani, na mkwe wangu amenijia na wenzake. Nichinjie huyu."

"Mama, mimi..."

"Wewe nini? Unaogopa jogoo? Mwenzio ndiye anayekuogopa."

Alikuwa amekwisha kumlaza, amemwelekeza kibla, amemshika mbawa na miguu. Watoto wamesimama wanatazama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, Mwalimu, na neno hilo halikutoka. Nilimtaja Mungu, kwa kuwa nimemtaja maisha yangu yote, nikakata.

"Mkono mwepesi!" akasema. "Na makali hayo! Huyu ni Mzee Makali."

Jina likaanzia hapo. Unaijua desturi: mwanamke hachinji, hungoja mwanamume apite njiani. Na wanaume wengi hupita mikono mitupu, au na visu ambavyo havikati hata ugali. Mimi, kwa lile sharti letu, napita na kisu kikali kila siku asubuhi na jioni. Wakaanza kunivizia. Mara ya pili nilisema moyoni kwamba nitawaambia mara ya tatu. Baadaye nikaona heri nijue kufanya sawasawa, ndipo nikakuandikia maswali yale. Wewe ukadhani nausogelea mlango wako, nami nikakuacha udhani. Sikuusogelea. Mimi ni Mkristo, na nitakufa Mkristo. Kuhusu kanzu sijui niseme nini.

Kwa Mwamvita sikwenda kama Hilario, kwa sababu tayari nilikuwa nimekwenda kwake kama Mzee Makali.

Hunipa shingo, fungu la mchinjaji, wakati mwingine bakuli la mchuzi. Lakini si mchuzi, Mwalimu. Tangu Kristina afariki hapakuwa na mtu aliyenikimbilia kwa jambo lolote. Hapa wananikimbilia. Nikiwaambia, nitapita njia hii kama jiwe.

Arusi inakaribia. Ng'ombe amekwisha kununuliwa. Naweza kusema naumwa. Naweza kuhama. Nishauri.

Hilario


Vihingo
2 Agosti 1937

Hilario,

Leo sitaandika "mpenzi".

Umenifanya nikufundishe ibada yangu ili uitumie kama pazia. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba uliniona natumaini, ukaniacha niendelee kutumaini. Kanzu imekwisha kushonwa. Nimelazimika kurudi kwa Sheikh na kumweleza kwamba nilikosea, na si desturi yangu kukosea mbele ya watu.

Kuhusu nyama, nilimwuliza. Ameniambia kwamba wanazuoni wana maneno mengi juu ya mnyama aliyechinjwa na Mkristo, na kwamba katika madhehebu yetu masharti yake ni magumu; lakini aliyekula bila kujua hana lawama. Kwa hiyo mimi na yule kuku wa kukaanga tumemalizana. Hilo silo lililonikasirisha. Watu wale walidhani wanaujua mkono unaowachinjia. Uliwanyima nafasi ya kukubali au kukataa, na nafasi hiyo ilikuwa yao, haikuwa yako.

Usiumwe. Usihame. Nenda kwa Bi Mwanamkuu kabla ya arusi, kwa kuwa ndiye aliyekuamini wa kwanza, umwambie kwa sentensi fupi yenye kiima na kiarifu: "Mimi ni Mkristo." Usiongeze "lakini". Usipomwambia, nitamwambia Mwamvita mimi.

Nitakuja arusini kama nilivyoahidi.

Msumari huo mmoja haulegei? Naliuliza swali hili kinyume cha hasira yangu.

Husseini Shomari


Mlandizi
30 Agosti 1937

Mwalimu,

Ulikuja. Nilikuona umekaa karibu na sufuria za pilau, umeshika fimbo yako kama unasimamia mtihani. Hukuja kwangu. Sikulaumu. Lakini kwa kuwa hukuja, hukusikia kutoka kinywani mwangu, basi nakuandikia.

Nilimwambia Bi Mwanamkuu kwa sentensi yako. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Sema tena."

"Mimi ni Mkristo, mama. Jina langu Hilario."

"Na jogoo wa mkwe wangu?"

"Ni mimi."

"Na kuku wa arobaini ya mjukuu wangu?"

"Ni mimi."

"Kumbe mimi ndiye niliyewatangazia watu! Nimekusifia kisimani, nimekusifia msibani. Wewe ulikuwa na kinywa?"

"Nilikuwa nacho, mama."

"Basi leo utakitumia. Simama."

Akajifunga kanga, akatangulia. Nyumba kwa nyumba, Mwalimu. Kila mlango hodi anapiga yeye, maneno nasema mimi. Akasimama pembeni mpaka nimalize, kisha, "Haya, twende." Hakunisaidia hata neno moja, wala hakuniacha peke yangu hata mlango mmoja.

Tatu, yule wa wageni barazani, alikuwa na chungu jikoni. Kuku wake nilikuwa nimemchinja asubuhi ile. Alikibeba akaenda kumwaga nyuma ya nyumba mbele yangu, akaanza kukisugua kwa majivu. Kijana mmoja akacheka: "Ndiyo maana Jumapili hatumpati!" Bi Mwanamkuu akamwambia, "Wewe unayejua siku zake ulikuwa wapi usininong'oneze?" Abeid, anayeadhini msikitini, alinitazama kwa muda mrefu. "Yaani nimekuwa nakuombea dua kwa jina lisilo lako," akasema. Maneno hayo yaliniuma kuliko chungu cha Tatu.

Mwamvita alikuwa wa mwisho. "Wewe ndiye Hilario wa visu? Wa mjomba?" Nikasema ndimi. "Basi umetudanganya wote, na mjomba pamoja." Akaingia ndani. Akatoka tena. "Arusini uje. Mjomba atauliza."

Nilikuja. Uliona mwenyewe. Ng'ombe alichinjwa na Abeid kwa kisu kilichokwisha makali zamani, akakata, akainua, akarudia. Wewe uligeuza uso. Wanaume wanne waliomshika walinitazama, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyeniomba, na mimi sikuwa na haki ya kutoa. Ng'ombe yule aliteseka, na kisu changu kilikuwa mfukoni.

Tangu siku hiyo nikisalimu wanaitikia. Zaidi ya hapo, kimya. Watoto wameambiwa wasinisindikize. Kisu nimekiacha nyumbani. Ni mara ya kwanza tangu tuwekeane lile sharti.

Msumari haulegei.

Hilario


Vihingo
12 Septemba 1937

Ndugu yangu Hilario,

Nilikuona. Nilikuona umesimama nyuma ya watu, mkono wako umeshika mfuko wa kanzu kwa nje. Nilijua kilichomo ndani ya mfuko huo. Ng'ombe alipokatwa mara ya pili sikugeuza uso kwa ajili yake peke yake.

Sikuja kwako, na nataka uijue sababu. Ningekuja, ningekusamehe pale pale, mbele ya watu wote. Msamaha huo haukuwa wangu kuutoa wa kwanza. Waliokosewa na mkono wako walikuwa bado wana hasira, na mgeni kutoka Vihingo hana ruhusa ya kuwatangulia. Sasa nakuandikia mbali na macho yao: kwa upande wangu, yamekwisha. Kanzu nimempa mwadhini wetu. Inamfika juu kidogo ya vifundo.

Mwamvita, tulipokuwa tukiagana, aliniambia jambo lililonishangaza. Alisema Bi Mwanamkuu anamgombeza kila anayelitaja jina lako vibaya, na akikukuta njiani anatazama upande mwingine. Nikamwuliza maana yake ni nini. Akasema, "Mjomba, hata yeye mwenyewe hajui." Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na jambo la namna hiyo siwezi kulichambua.

Sasa sikia. Hapa nina nyumba ya marehemu kaka yangu. Paa lake ni zima na nyuma kuna mihogo. Hapa kila mtu anajua wewe ni Hilario, rafiki wa Mwalimu, na kwamba unakwenda kanisani. Hakuna mwanamke atakayekusimamisha na jogoo kwapani. Ursula atakuwa karibu zaidi. Jioni tutakaa barazani na masanduku yetu, uniambie herufi hizi mbili ni za nani. Waambie wenye shamba kwamba umechoka na mizani, uje.

Ukija au usipokuja, hilo la kuacha kisu nyumbani silikubali. Kisu hakikusema uongo. Kibebe.

Nijibu kwa sentensi kamili.

Nduguyo mpenzi,
Husseini Shomari


Mlandizi
10 Oktoba 1937

Mwalimu wangu,

Nisamehe nami kwa kuchelewa. Barua yako niliipokea siku nyingi, nikaibeba kifuani, nikashindwa kuijibu, kwa sababu kila nikishika kalamu naona nyumba ya kaka yako na mihogo yake, na naona kwamba ni mahali pema, na kalamu haiendi.

Nilikuwa nimeanza kuzoea. Asubuhi naondoka mfuko mtupu, jioni narudi mfuko mtupu. Ni ajabu jinsi mtu anavyotembea akiwa hana kisu. Mkono unakwenda mfukoni wenyewe, unakuta nguo. Chungwa nalichana kwa kucha kama mtoto. Kamba ya gunia ikinishinda namwita mtu mwingine. Wiki iliyopita nilimwona kijana mmoja mlangoni kwa Tatu anamhangaikia kuku kwa kisu cha kumenyea mihogo, Tatu ameshika kiuno. Tatu aliniona napita. Hakuniita, lakini alinitazama mpaka nikapinda kona.

Jana jioni Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa mlangoni pake. Nilimsalimu nikaendelea, maana nimezoea kuendelea.

"Mzee Makali."

Nikasimama. Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu tupite nyumba kwa nyumba.

"Kisu kiko wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Kinaumwa?"

"Hakiumwi."

"Basi kinafanya nini nyumbani? Kesho uje nacho. Nina mikeka miwili nimemaliza kuishona, ncha za ukili zimetokeza kila upande kama nywele za kichaa, na mkasi wa Mwamvita hautafuni hata karatasi."

"Mama," nikamwambia, "kisu ni kile kile. Na mimi ni yule yule."

"Nimesema kuku? Kuku nitamngoja Abeid, anikatekate tu mpaka mkono umchoke. Mimi nimekwambia ukili. Ukili hauna kibla."

Hakutabasamu. Alisema hivyo akachukua kibao chake cha kukalia, akaingia ndani, akarudisha mlango nusu.

Nilisimama pale njiani nikitafuta maana yake, Mwalimu, kama ulivyoitafuta wewe kwa Mwamvita. Sijui kama ni msamaha, au ni mikeka tu. Labda ni mikeka tu. Lakini nilikitoa kisu kwenye kitambaa, nikakuta kutu kidogo imeanza karibu na msumari, nikakaa nikaisugua mpaka ikatoka, na muda wote huo nilikuwa nikiimba.

Nyumba ya kaka yako, tafadhali usimpe mtu mwingine bado, wala usinifagilie. Leo, nikimaliza barua hii, nitakwenda kukata ukili. Nitakaa mlangoni pale, watu watapita, nami nitatazama ni nani atakayesimama na ni nani atakayeendelea na safari yake. Nikishaamua kama nakaa Mlandizi au nakuja kwako Vihingo, nitakuandikia siku ile ile.

Nduguyo,
Hilario Pazi